Swali la Kumi na Tisa

Fomu ya chuo ilikuwa na maswali thelathini na mawili, na lililotutoa roho ni la kumi na tisa. Kabla yake waliuliza mambo ya kawaida: umezaliwa wapi, baba anafanya kazi gani, una ndugu yeyote nje ya nchi. Halafu, bila hata kukohoa: Una imani ya dini? Kama unayo, itaje. Na chini yake mstari mfupi: Ni nani anayeweza kuthibitisha jibu lako?

Binti yangu Noemí aliileta nyumbani Aprili ya mwaka 1973, akaiweka juu ya meza ya kulia kwa mikono miwili. Alikuwa na miaka kumi na minane, wa kwanza darasani tangu alipojua kushika kalamu, na hakuwahi kutaka kuwa kitu kingine ila daktari. Niliisoma fomu mpaka hapo kwenye kumi na tisa, nikavua miwani.

"Andika hapana," nikamwambia.

Alinitazama. Noemí si mtoto wa kubishana, na hilo ndilo linalonichosha kwake, maana asiyebisha huwezi kumshinda. Aliuliza tu, "Wewe walipokuuliza ulijibu nini?"

Alijua nilichojibu. Mji mzima ulijua. Mwaka 1962, miaka mitatu baada ya Mapinduzi, nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mkuu wa shule aliniuliza mbele ya walimu wenzangu kama bado nakwenda kupiga kinanda kwa Wapresbiteri. Nikasema ndiyo, na Jumapili ijayo nitapiga pia. Mwezi haukwisha nikawa nashona magunia kwenye kiwanda cha sukari, na miaka kumi na mmoja baadaye nilikuwa bado kwenye cherehani ileile. Sikujuta, au nilijiambia hivyo. Lakini kujitakia taabu mwenyewe ni jambo moja, na kumwona mtoto wako akivutiwa kiti kwenye cherehani iliyo kando ya yako ni jambo lingine kabisa.

"Nilijibu ndiyo," nikasema, "na tazama vidole vyangu. Wewe utaandika hapana. Ni karatasi tu, Noemí. Mungu hasomi fomu."

Nilijiona mwerevu sana kwa maneno hayo. Nikasimama kwenda kuinjika maharage.

Tusidanganyane, hakuna aliyetukataza kusali. Kanisa letu lilikuwa palepale karibu na bustani ya mji, mlango wazi, rangi imebanduka. Ila aliyeonekana akiingia humo alikuta milango mingine imefungwa, tena bila kelele: kazi hii haipo tena, nafasi ile imejaa, fomu yako imepotea, njoo mwakani. Krismasi ilikuwa siku ya kazi kama Jumanne yoyote. Tulikuwa mia mbili na kitu, tukabaki ishirini na wanane. Nusu ya wengine walikuwa wamekimbilia ng'ambo, Miami, na nusu walikuwa papa hapa mjini, wakituona wanavuka barabara wasitusalimu.

Na kila Jumapili saa nne asubuhi, saa yetu ya ibada, Zoraida alifunga mtaa mbele ya kanisa na kuwaletea watoto michezo. Zoraida ni mwenyekiti wa kamati ya mtaa, nyumba yake inatazamana na kanisa, na mimi na yeye tulikalia dawati moja shuleni miaka sita. Mbio za magunia, kuvuta kamba, na spika kubwa kama kabati, imeelekezwa mlangoni kwetu. Sisi tukiimba, spika inaimba. Akinikuta kwenye foleni ya mkate ananiambia, "Eneida, mwambie Mungu wako apunguze sauti, watoto wangu hawasikii muziki." Nami namjibu kwamba Mungu wangu analalamika spika yake inakoroma, aipeleke kwa fundi. Watu kwenye foleni walicheka, tukapokea mkate wetu na kila mtu akaenda zake. Hivyo ndivyo tulivyoishi.

Tulikuwa na desturi moja ambayo nadhani hakuna kanisa lingine lililokuwa nayo. Baada ya wimbo wa pili, mchungaji alifungua daftari na kuita majina ya waumini wote, waliopo na walioondoka. Waliopo waliitika wenyewe. Aliyeondoka, aliyehamia nje, aliyekuwa jeshini au kambini, aliitikiwa na mmoja wetu aliyebaki: "Yupo." Ilianza mwaka ule walipomchukua mchungaji wetu Elpidio kwenda kambi ya kazi. Wazee wakaendelea kumwita kila Jumapili, wakamwitikia miaka miwili na nusu, hadi akarudi na mgongo umepinda na kuitika mwenyewe. Basi tukaona hatuwezi kuacha. Mimi nilimwitikia mume wangu Wilfredo, aliyekwenda Miami kututafutia nafasi akatafuta na mke. Kila Jumapili nilisema "yupo" na moyoni nikaongeza alipo.

Daftari hilo ndilo lililonipeleka kwa mchungaji. Kila mtu alijua chuo kinatuma mkaguzi, anauliza majirani, kisha anapitia kanisani kuomba orodha ya waumini. Nilimkuta Elpidio ukumbini akiunga mguu wa benchi. Nikamweleza shida yangu, na nikamwambia ninachotaka: jina la Noemí litoke.

Aliacha nyundo. Ni mtu mpole mno, wakati mwingine upole wake unanikera, na siku ile nilitaka anigombeze ili nipate kumgombeza. Hakunigombeza. Alisema toka apewe daftari lile hajawahi kufuta jina la mtu aliye hai, hata la wale wanaompa kisogo sokoni. Nikamwambia kwamba wale hawaombi udaktari. Akafungua sanduku, akatoa daftari, akachukua rula na kupiga mstari mmoja juu ya jina la mwanangu.

"Atajua?" akaniuliza.

"Atajua nini? Ni wino."

Nikaenda moja kwa moja kwa Zoraida, maana nilijua nikifika nyumbani kwanza sitatoka tena.

Zoraida alinisimamisha kibarazani muda wa kutosha mtaa mzima kuniona. Alifurahi, na sikumlaumu, ningekuwa mimi ningefurahi zaidi. Alisema siku zote alikuwa akijiuliza ni lini Wapresbiteri watahitaji kitu kutoka kwa Mapinduzi. Aliniuliza kama nimekuja kujiandikisha zamu ya ulinzi. Nikameza yote. Aliponiona bado nimesimama palepale, akaacha mchezo na kunivutia kiti.

"Mwanao alimdunga mama yangu sindano mwezi mzima," akasema. "Kila siku, bila kuitwa. Nitamwambia mkaguzi kwamba huyo mtoto kanisani hajulikani. Lakini sisemi uongo mtupu, shoga, mimi nina cheo. Jumapili mlete kwenye michezo, watu wamwone. Mara moja tu inatosha."

Nikasema sawa. Nilikubali haraka kiasi kwamba yeye ndiye aliyeshtuka, nikamwona.

Noemí nilipomwambia hakubisha, kama kawaida yake. Aliuliza kama mchungaji anajua. Nikasema anajua. Aliuliza kama Bibi Úrsula anajua, yule mzee wetu asiyeona ambaye Noemí alikuwa akimshika mkono kumleta kanisani kila Jumapili. Nikasema Bibi Úrsula ataletwa na mtu mwingine. Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye vitabu vyake.

Jumapili hiyo ilikuwa na joto la kuchemsha maji. Madirisha yote ya kanisa yalikuwa wazi. Mimi nilikaa kwenye kinanda, na kwa dirisha la pembeni nilimwona binti yangu barabarani, anafunga magunia viunoni mwa watoto, nywele zimemganda shingoni. Spika inanguruma. Zoraida na filimbi yake anatamba huku na huku. Nilipiga wimbo wa kwanza, nikapiga wa pili, nikakosea mara tatu na hakuna aliyesikia kwa ile kelele.

Mchungaji alikuwa amefika katikati ya daftari umeme ulipokatika. Mji wetu umeme kukatika si habari, lakini siku hiyo ulikatika kwa ubaya. Spika ikanyamaza ghafla. Watoto nao wakanyamaza, kama watoto wanavyofanya kitu kikizimika, wakasubiri kuona kitawaka au la. Ikawa kimya mtaa mzima, na sauti ya Elpidio ikatoka madirishani wazi kabisa, ikiita majina ya watu walioko Miami, na wazee wetu wakiitika: yupo, yupo, yupo. Nilimwitikia Wilfredo, na Bibi Úrsula akaitika lake. Elpidio akavuta pumzi kidogo, akaruka mstari, akaita jina linalofuata.

"Na Noemí?" akasema Bibi Úrsula.

Elpidio akaita tena lile jina linalofuata.

"Mchungaji, umemruka Noemí. Anakuja nyuma yangu siku zote, mimi kisha yeye. Mbona humwiti? Mtoto amekufa na mimi sikuambiwa?"

Nikakamata kinanda na kuanza wimbo wowote ulionijia, kwa nguvu zangu zote, kabla ya wakati wake. Nilipogeuza macho dirishani, Noemí alikuwa amesimama katikati ya barabara na gunia tupu mkononi, anatazama mlango wa kanisa. Watu waliotukimbia walikuwa wameitwa mmoja mmoja na wameitikiwa. Yeye alikuwa hatua kumi na mbili kutoka mlangoni na hakuitwa. Nililiona hilo usoni mwake, nikaendelea kupiga.

Mchana alikula vizuri. Jioni ileile aliijaza fomu, akaitia kwenye bahasha na kuifunga, na kesho yake akaipeleka shuleni. Sikuomba kuiona. Nilimwuliza tu kama amemaliza, akasema amejibu yote.

Mkaguzi alikuja wiki mbili baadaye, Alhamisi alasiri, mwanamke kijana mwenye mkoba mweusi na jasho jingi. Alianza kwa Zoraida. Nilikaa nyuma ya pazia langu nikiwaona kibarazani, Zoraida anaeleza kwa mikono, anaonyesha barabara, bila shaka anasimulia mbio za magunia. Kisha nikamwona anatia sahihi. Nikashusha pumzi ambayo nahisi nilikuwa nimeibana tangu Aprili. Wakavuka barabara pamoja, Zoraida akiongoza kama mwenye nyumba.

Nikawapa kahawa ya mgao, ile inayochanganywa na njegere za kukaanga. Mkaguzi aliinywa yote kwa adabu. Alisema alama kama za Noemí hajaziona mkoani kwa miaka mitatu. Alisema kamati ya mtaa imemsifu. Noemí alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, anafuta mikono kwa aproni yangu. Halafu yule mwanamke akafungua mkoba, akatoa fomu na kuiweka mapajani.

"Nina tatizo moja dogo," akasema. "Ndugu mwenyekiti ametia sahihi kwamba binti hana imani ya dini. Lakini swali la kumi na tisa limejibiwa hivi." Akasoma polepole, bila kejeli. "Ndiyo. Mkristo, Mpresbiteri. Anayeweza kuthibitisha: mama yangu, Eneida Cabrera, aliyenifundisha."

Zoraida alinigeukia na mdomo wazi. Nilimtazama Noemí, na yeye alikuwa akinitazama mimi, ametulia, kama mtu aliyetoa mkono na anangoja ushikwe.

Mkaguzi aliona tulivyokuwa. Nadhani hakuwa mtu mbaya. Alitia mkono mkobani akatoa fomu nyingine, mpya, isiyo na kitu, akaiweka mezani karibu na sukari.

"Vijana hujibu mambo kwa hasira," akasema. "Hutokea. Ndugu Eneida, wewe umetajwa kuwa shahidi, kwa hiyo nakuuliza wewe. Ni kweli ulimfundisha dini?"

Kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa mtu aliyesema ndiyo. Watu walinionyesha kwa kidole kwa ajili hiyo, wengine kwa dharau, wengine kwa heshima, na mimi niliipenda ile heshima kuliko nilivyojua. Nilikuwa na uhakika wa jibu langu kama nilivyo na uhakika wa jina langu. Nikafungua mdomo.

"Si kweli," nikasema.

"Hukumfundisha?"

"Sikumfundisha kitu. Sijui ameyatoa wapi."

Nilijisikia nikisema. Nilishangaa jinsi sauti yangu ilivyokuwa ya kawaida, sauti ya kuulizia bei ya vitunguu. Mkaguzi akaandika. Akamsogezea Noemí ile fomu mpya pamoja na kalamu, akamwambia achukue muda wake.

"Nimeshajibu," akasema Noemí, akaingia jikoni na kuendelea kuosha vyombo.

Wakaondoka. Zoraida alibaki nyuma kidogo mlangoni, akaninong'oneza kwamba nimeitia sahihi yake kwenye moto, kisha akaona uso wangu na hakumaliza. Nilikwenda jikoni. Nilitaka kumpiga yule mtoto, na nilitaka kumpigia magoti, na sikufanya hata kimoja. Nilisema nimefanya kwa ajili yake. Akasema anajua. Nikamwuliza ni pepo gani lilimwingia kuandika vile baada ya kila mtu kujidhalilisha kwa ajili yake, mimi, mchungaji, hata Zoraida.

"Nilidhani wewe hutaweza kukataa," akasema. "Nilidhani ni jibu moja tu usiloweza kulibadilisha. Ndiyo maana nilikuandika wewe."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeeleza hesabu iliyokosewa.

Barua ilikuja baada ya wiki tatu. Wiki hizo alinisalimu asubuhi, akanisalimu jioni, akanisaidia kila kitu, na hakuniita mama hata mara moja. Alikwenda kanisani na kukaa karibu na Bibi Úrsula. Elpidio alikuwa amelirudisha jina lake kwa wino mwekundu, na Noemí alipoitwa aliitika. Mimi nilikuwa kwenye kinanda, na mchungaji aliponiita mimi sikuitika kwa mdomo. Nikainua mkono kama mtoto wa shule.

Noemí aliifungua barua, akaisoma, akanipa. Nilitarajia neno "limekataliwa" na nilikuwa nimejiandaa nalo. Sikujiandaa na kilichofuata. Ombi limekataliwa, iliandikwa. Sababu: mwombaji ametoa maelezo ya uongo katika fomu rasmi. Shahidi aliyemtaja, mama yake mzazi, ameyakanusha.

Nilisoma mara nne. Nilitafuta mahali nilipokosea kusoma. Hawakuwa wamemnyima udaktari kwa imani yake. Kwa mujibu wa karatasi ile, imani hakuwa nayo. Walimnyima kwa sababu ni mwongo, na shahidi wa uongo wake nilikuwa mimi, niliyemzaa, niliyemfundisha sala ya kwanza kabla hajaota meno.

"Itabaki kwenye faili langu," akasema. "Kila nikiomba kazi wataisoma."

Siku hiyo sikwenda kiwandani. Nilivuka barabara na barua mkononi nikamsomea Zoraida. Kisha nikamwambia ninachokwenda kufanya: nakwenda ofisi ya mkoa kusema nilidanganya, na kwamba mwanangu aliandika kweli.

Alinitazama kama nimepungukiwa. Aliniuliza kama hiyo itamwingiza mtoto chuoni. Nikasema haitamwingiza. Aliniuliza kama naelewa kwamba yeye, Zoraida, ametia sahihi karatasi inayosema kinyume.

"Kwa hiyo nilidanganya kwa ajili yenu," akasema, "na sasa mnakwenda kunishtaki kwamba nilidanganya. Ndiyo dini yenyewe hiyo?"

Alikuwa na haki. Nikapanda basi.

Ofisini walinizungusha mpaka adhuhuri, na mwisho nikafikishwa kwa karani mzee mwenye mihuri sita mezani. Nikamweleza. Akasikiliza akidhani nimekuja kuomba huruma, akaniambia muda wa rufaa umepita na nafasi zimejaa.

"Sikuja kuomba nafasi," nikasema. "Nimekuja mbadilishe sababu."

"Sababu ipi?"

"Mmeandika amedanganya. Hakudanganya. Ni Mkristo, nimemfundisha mimi, na mkaguzi aliponiuliza nikakataa. Mwongo ni mimi. Andikeni hivyo."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mama," akasema kwa upole, kama mtu anayezungumza na mgonjwa, "hata nikibadilisha, haingii. Na hii unayotaka niandike ni mbaya zaidi. Uongo wa ujana husameheka, baada ya miaka miwili mitatu anaomba tena. Hii nyingine hukaa."

Sikuwa nimelijua hilo. Nilikuwa nimekuja nikidhani sina cha kupoteza. Kumbe mlango ulikuwa bado umeachwa wazi kidogo, na mtu wa kuufunga nilikuwa mimi, mara ya pili. Nilimwomba maji. Nikanywa. Nikafikiria kurudi kumwuliza Noemí kwanza, kisha nikajua kwamba nikimwuliza nitakuwa namtaka anibebee jibu langu, na lake alikwisha kulitoa.

"Badilisha," nikasema.

Aliuliza kuhusu mwenyekiti wa mtaa na sahihi yake. Nikamwambia mwenyekiti hana hatia, mimi ndiye niliyemhadaa, nilimficha mtoto asionekane kanisani miezi kadhaa. Kwa hiyo nilisafiri mwendo wa saa mbili kwenda kusema kweli, nikasema uongo mmoja palepale, na huo sijautubu mpaka leo. Zoraida aliitwa kikaoni akaonywa, cheo akabaki nacho, na spika pia. Ila mimi na yeye hatukuzungumza tena kwenye foleni ya mkate kwa muda mrefu, na niliyakumbuka matusi yake zaidi ya nilivyotarajia.

Barua ya pili ilikuja Julai. Noemí alikuwa anaanua nguo. Nilimpelekea uani bila kuifungua, nikasimama pembeni ya kamba huku nimeshika shuka. Akaichana ukingo, akasoma kwa sauti. Ombi limekataliwa. Sababu: imani ya dini, imethibitishwa na mama mzazi.

Akasoma tena kimoyomoyo, midomo ikichezacheza.

"Ulikwenda wewe mwenyewe?"

"Nilikwenda mwenyewe."

"Walikwambia kwamba hii ndiyo ya moja kwa moja?"

"Waliniambia."

"Na ukasema?"

"Nikasema ndiyo, Noemí. Nikasema nilikufundisha mimi."

Akaitia barua mfukoni mwa aproni. Akaanua gauni moja, akalikunja vizuri, akaliweka kwenye karai. Kisha akasema "mama," akanishika mabega, akaanza kulia. Alikuwa hajalia Jumapili ile barabarani, wala mbele ya mkaguzi, wala kwa barua ya kwanza. Alilia kwa sauti, bila haya, akiulilia udaktari wake ambao hataupata. Nami nilimshika, sikumwambia anyamaze, kwa sababu kilichokuwa kimepotea sasa kilikuwa udaktari peke yake.